Nishati ya chombo cha anga: Je, inafaa kuwekeza alama za ujuzi?

Na Mwandishi Wetu

RUBANI anayeanza safari katika mchezo wa kompyuta wa EVE Online hukutana na swali moja mapema kabisa: alama zake chache za ujuzi aziweke wapi? Silaha humvutia kwa kishindo chake, ngao kwa usalama wake, na vyombo vikubwa kwa fahari yake. Usimamizi wa nishati ya chombo hauna kishindo wala fahari, na ndiyo maana wengi huuacha mwisho.

Uamuzi huo una gharama. Katika mchezo huu, chombo kilichoteketezwa hakirudi. Bima hufidia sehemu tu ya thamani yake, na vifaa vilivyofungwa ndani yake huharibika au huokotwa na adui. Muda uliotumika kujifunza ujuzi usiofaa nao haurudi, kwa sababu huhesabiwa kwa saa halisi za ukutani.

Makala haya yanaeleza jinsi nishati inavyofanya kazi katika vyombo vya mchezo huo, kila ujuzi unagharimu kiasi gani, na ni rubani yupi anayepaswa kuanza nao.

Mchezo wenyewe

EVE Online ulitolewa Mei 2003 na kampuni ya CCP yenye makao yake Reykjavik, Iceland. Michezo mingi ya aina hii huwagawa wachezaji katika seva nyingi zinazofanana. Huu huwakutanisha katika ulimwengu mmoja ulioko kwenye seva ya London iitwayo Tranquility, isipokuwa wachezaji wa China ambao wana seva yao. Ulimwengu huo una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000.

Wachezaji huchimba madini, hufanya biashara, huunda vyombo, huanzisha kampuni na miungano, na hupigana. Fedha ya mchezo huitwa ISK. Karibu kila kitu kinachouzwa sokoni kimeundwa na mchezaji mwingine, hivyo kila chombo kinachoteketea kina gharama ambayo mtu ameilipa kwa jasho lake.

Wazo la nishati isiyotosha si ndoto ya watunga michezo pekee. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, viliondoka duniani vikiwa na umeme wa takriban wati 470 kila kimoja, unaotokana na joto la madini ya plutoni. Umeme huo hupungua kwa takriban wati 4 kila mwaka. Wahandisi wa NASA wamelazimika kuzima vipasha joto na vifaa vya utafiti, kimoja baada ya kingine, ili vilivyobaki viendelee kufanya kazi. Rubani wa EVE hukabiliwa na uamuzi wa namna hiyo hiyo, isipokuwa yeye hupewa sekunde chache tu za kuufikia.

Alama za ujuzi hupatikanaje

Katika michezo mingi, mchezaji hupata alama kwa kuua majoka au kumaliza kazi alizopewa. Katika EVE Online, alama hukusanywa hasa kwa kupita kwa muda. Mchezaji hupanga foleni ya ujuzi anaotaka kujifunza, na kujifunza huendelea hata akiwa amelala au amezima kompyuta yake.

Kila ujuzi una ngazi tano. Ujuzi wenye kizidisho cha 1 hudai jumla ya alama 250 kufikia ngazi ya kwanza, takriban 1,414 kufikia ya pili, 8,000 ya tatu, 45,255 ya nne, na 256,000 ya tano. Ujuzi wenye kizidisho cha 3 hudai mara tatu ya alama hizo.

Msomaji ataona kwamba jumla inayotakiwa huongezeka zaidi ya mara tano katika kila ngazi. Faida, kwa upande wake, huongezeka kwa kiasi kile kile. Ngazi ya kwanza ikikupa asilimia 5, ya tano nayo hukupa asilimia 5 nyingine tu. Hapo ndipo penye kiini cha swali letu.

Kasi ya kujifunza hutokana na sifa mbili za rubani. Kwa ujuzi wa uhandisi, ambamo nishati imo, sifa hizo ni akili na kumbukumbu: alama za akili hujumlishwa na nusu ya alama za kumbukumbu, na jibu ndilo idadi ya alama za ujuzi kwa dakika. Rubani mwenye 20 kwa 20 hupata alama 30 kwa dakika, yaani 1,800 kwa saa. Makala haya yatatumia kasi hiyo katika hesabu zote. Mwenye sifa za juu zaidi, au aliyepandikiza vifaa vya kuongeza akili kichwani mwa rubani wake, atamaliza mapema kuliko tunavyoonyesha.

Mpaka mwaka 2010 swali la kuwekeza lilikuwa gumu zaidi. Kulikuwa na kundi la ujuzi ambalo kazi yake pekee ilikuwa kuharakisha kujifunza ujuzi mwingine. Wageni walishauriwa kulimaliza kwanza, na hivyo walikaa wiki kadhaa bila kuweza kufanya jambo lolote la maana. Desemba ya mwaka huo CCP ililifuta kundi hilo na kuwarudishia wachezaji alama zao. Tangu hapo alama ya ujuzi hulenga jambo ambalo chombo chenyewe kinalifanya.

Aina mbili za nishati

Wageni wengi huchanganya mambo mawili ambayo kwenye chombo ni tofauti kabisa.

La kwanza ni gridi ya umeme, inayopimwa kwa megawati. Hiki ni kipimo cha vifaa ambavyo chombo kinaweza kubeba vikiwa vimewashwa. Mzinga mkubwa hudai megawati nyingi, na mdogo hudai chache. Gridi haipungui wakati wa vita. Ni kama uwezo wa mita ya umeme ya nyumba: ama kifaa kinawaka, ama hakiwaki.

La pili ni kapasita, inayopimwa kwa gigajuli. Hili ni tangi la nishati inayotumika na kujazwa tena. Kila mara kifaa cha kukarabati silaha ya mwili wa chombo kinapozunguka, kila mara mizinga ya miale inapofyatuliwa, na kila mara chombo kinaporuka kwa kasi kutoka sayari moja hadi nyingine, kiasi fulani huchotwa katika tangi hilo. Likikauka, vifaa hivyo husimama.

Kwa ufupi, gridi huamua utafunga nini kwenye chombo, na kapasita huamua ulichofunga kitafanya kazi kwa muda gani. Kila moja ina ujuzi wake.

Gridi: ujuzi rahisi kuuamua

Ujuzi wa gridi huitwa Power Grid Management. Wachezaji wa zamani waliujua kwa jina la Engineering. Kizidisho chake ni 1, na kila ngazi huongeza gridi ya chombo kwa asilimia 5.

Tuchukue chombo chenye megawati 1,000. Rubani wa ngazi ya nne atakuwa na megawati 1,200. Alama alizotumia ni 45,255, sawa na saa 25 hivi. Ngazi ya tano itampa megawati 1,250, lakini itamdai alama nyingine 210,745, yaani karibu siku tano.

Je, siku tano kwa megawati 50 ni gharama ya haki? Jibu linapatikana kwa kuangalia njia mbadala. Mwenye upungufu wa gridi anaweza kufunga kifaa kiitwacho Reactor Control Unit, ambacho cha daraja la pili huongeza asilimia 15. Lakini kifaa hicho hula nafasi moja katika chombo, nafasi ambayo ingeweza kubeba kifaa cha kuongeza nguvu ya mizinga au unene wa silaha ya mwili. Chombo kikilipuka, kifaa nacho kinakwenda. Ujuzi haulipuki, na hutumika katika kila chombo utakachokipanda, kuanzia kidogo cha siku ya kwanza hadi kikubwa cha miaka ijayo.

Yupo pia mshindani mwingine, Advanced Weapon Upgrades, unaopunguza mahitaji ya gridi ya silaha kwa asilimia 2 kila ngazi. Huu una kizidisho cha 6, na hauwezi kuanzwa kabla ya kumaliza ngazi ya tano ya Weapon Upgrades, ambao una kizidisho cha 2. Kufikia ngazi ya nne ya ule wa juu, pamoja na sharti lake, kunadai alama 783,530. Faida ni asilimia 8 kwa silaha pekee. Ni ujuzi mzuri kwa mpiganaji aliyekomaa, lakini haupaswi kutangulia mbele ya Power Grid Management.

Kwa hiyo, kuhusu gridi hakuna mjadala mrefu. Ngazi ya nne ni ya lazima kwa kila mtu katika wiki ya kwanza, na ya tano ifuate mapema, mara tu rubani atakapoona vifaa anavyovitaka havitoshi kwa megawati chache.

Kapasita: hapa ndipo penye hesabu

Kapasita ina ujuzi mkuu wa aina mbili. Capacitor Management huongeza ukubwa wa tangi kwa asilimia 5 kila ngazi, na kizidisho chake ni 3. Capacitor Systems Operation hupunguza muda wa kulijaza kwa asilimia 5 kila ngazi, na kizidisho chake ni 1.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kujua jinsi tangi lenyewe linavyojaa. Halijai kwa kasi moja. Likiwa limejaa kabisa, haliongezi chochote. Likiwa karibu tupu, hujaa polepole mno. Kasi kubwa kuliko zote hupatikana likiwa na robo, yaani asilimia 25. Katika kilele hicho kasi ni mara mbili na nusu ya wastani unaopatikana kwa kugawa ukubwa wa tangi kwa muda wa kulijaza.

Mfano utasaidia. Chombo kina tangi la gigajuli 1,000, na muda wa kulijaza ni sekunde 250. Wastani ni gigajuli 4 kwa sekunde. Kilele, kikiwa katika robo, ni gigajuli 10 kwa sekunde. Chombo hicho kinaweza kutumia hadi gigajuli 10 kila sekunde bila tangi kukauka. Kikitumia 11, mwisho wake ni kukauka, hata kama itachukua dakika kadhaa.

Sasa tuweke ujuzi. Rubani mwenye Capacitor Management ngazi ya nne atakuwa na tangi la gigajuli 1,200. Kwa kuwa muda wa kulijaza haujabadilika, kasi ya kilele nayo hupanda hadi gigajuli 12. Mwenye Capacitor Systems Operation ngazi ya nne ataujaza uwezo wa awali kwa sekunde 200 badala ya 250, na kilele chake kitakuwa 12.5. Mwenye zote mbili atafikia gigajuli 15 kwa sekunde.

Hilo ni ongezeko la nusu nzima, yaani asilimia 50, kwa alama 181,020 tu. Kwa kasi tuliyoichagua, ni siku nne na saa chache. Ni vigumu kupata mahali pengine katika mchezo huu ambapo siku nne hununua kiasi hicho.

Ngazi ya tano na faida inayopungua

Baada ya ngazi ya nne, mambo hubadilika. Rubani akizikamilisha zote mbili hadi ngazi ya tano, tangi litakuwa gigajuli 1,250 na muda wa kulijaza sekunde 187.5. Kilele kitakuwa gigajuli 16.67 kwa sekunde. Kutoka 15 hadi 16.67 ni ongezeko la takriban asilimia 11. Gharama yake ni alama 842,980 zaidi, ambazo ni siku 19 na nusu.

Hata hivyo, siku hizo hazigawanyiki sawa. Ngazi ya tano ya Capacitor Systems Operation hudai alama 210,745, na huongeza kilele kwa asilimia 6.67 juu ya ile ya nne. Ngazi ya tano ya Capacitor Management hudai alama 632,235, na huongeza asilimia 4.17 tu. Ya kwanza hutoa zaidi kwa theluthi moja ya gharama. Anayeanza na ya pili kwa sababu tu jina lake linasikika kubwa atakuwa amepoteza siku kumi.

Ipo sababu moja inayoweza kugeuza mpangilio huo. Ukubwa wa tangi ni akiba, na kasi ya kujaza ni kipato. Katika vita kuna kifaa cha adui kinachoharibu nishati ya chombo chako kwa mikupuo, kila mkupuo ukiondoa kiasi maalumu bila kujali tangi lako ni kubwa namna gani. Tangi kubwa huvumilia mikupuo mingi zaidi kabla ya kukauka. Mtu mwenye mshahara mzuri na akiba ndogo hutikiswa na msiba mmoja, na hali ni hiyo hiyo kwa chombo.

Hatari yenyewe imo katika umbo la tangi. Chombo kinachoendeshwa kikiwa katika robo hufanya kazi penye kilele, lakini hatua moja chini yake kasi ya kujaza huanza kushuka. Adui akilipunguza tangi chini ya robo, chombo huingiza kidogo zaidi wakati huo huo kinapohitaji zaidi. Marubani wengi hupotelea hapo, wakidhani walikuwa na nishati ya kutosha kwa kuwa hesabu za kituoni zilisema hivyo.

Nani awekeze, nani asubiri

Si kila chombo kina kiu sawa. Mizinga ya miale, ambayo ndiyo silaha ya jadi ya dola ya Amarr, hunywa nishati kwa wingi. Mizinga ya mseto ya Gallente na Caldari nayo hutumia nishati. Mizinga ya risasi ya Minmatar haitumii kapasita kabisa, wala makombora hayatumii.

Kwa hiyo rubani wa Amarr anayekarabati silaha ya mwili wa chombo chake huku akifyatua miale anapaswa kuufanya ujuzi wa kapasita kuwa kitu cha kwanza baada ya ule wa kurushia chombo chenyewe. Kwake ngazi ya tano ya Capacitor Systems Operation si anasa. Aongeze pia Controlled Bursts, unaopunguza nishati inayonywewa na mizinga kwa asilimia 5 kila ngazi, na ambao kizidisho chake ni 2.

Rubani wa makombora anayetegemea ngao inayojijaza yenyewe yuko upande wa pili. Chombo cha Drake kilipata umaarufu mkubwa kwa mpangilio huo: ngao nene, makombora, na karibu hakuna kinachochota katika tangi. Ngazi ya nne inamtosha kwa muda mrefu. Siku 19 za ngazi ya tano zitamfaa zaidi zikitumika katika ujuzi wa ngao na makombora.

Mchuuzi na msafirishaji wana hitaji la namna yao. Kuruka mwendo mrefu hudai nishati, na chombo kikikosa ya kutosha hukatisha safari katikati, mahali ambapo hakuna kituo wala mlinzi. Tiba yake nafuu ni Warp Drive Operation, ambao hupunguza nishati ya kuanzisha mruko kwa asilimia 10 kila ngazi na una kizidisho cha 1. Ngazi ya nne ya ujuzi huu, kwa saa 25 hivi, humpa msafirishaji zaidi ya kile atakachopata kwa wiki mbili za Capacitor Management ngazi ya tano.

Kundi la mwisho ni la watabibu wa kikosi, wale wanaoendesha vyombo vya kukarabati wenzao. Vyombo vya Guardian na Basilisk vimeundwa kupeana nishati: kila kimoja humpa jirani yake, naye jirani humpa mwingine, hadi mnyororo unafungwa. Pete moja ikikatika, kikosi kizima hupungukiwa. Kwa hawa ngazi ya tano ni wajibu kwa wenzao kabla ya kuwa faida yao wenyewe, na makamanda wengi huuliza habari za ujuzi huo kabla ya kumruhusu mtu kuingia kundini.

Mtego wa utulivu wa milele

Upo mtego mmoja unaowanasa wageni wenye bidii. Skrini ya kupangia vifaa huonyesha iwapo kapasita itadumu milele huku kila kitu kikiwa kimewashwa. Mgeni akiona maandishi ya kumwambia kuwa itakauka baada ya dakika mbili na nusu, hushtuka. Huanza kutoa vifaa vya kulinda na kupiga, na kuweka vya kujaza nishati, mpaka skrini itulie.

Matokeo yake ni chombo kinachoweza kufyatua usiku kucha lakini kinavunjwa katika nusu dakika. Mapambano mengi kati ya vyombo vidogo huisha kabla ya dakika mbili. Katika mapambano hayo utulivu wa milele hauna kazi. Wenye uzoefu hujiuliza chombo kinahitaji kupigana kwa muda gani, kisha huhakikisha nishati inatosha kwa muda huo na ziada kidogo.

Utulivu huwa na maana katika kazi ndefu: kuwinda maharamia wa kompyuta kwa saa nzima, kuchimba madini, au kukarabati katika vita vya vikosi vikubwa. Hata huko, kuzima kifaa ambacho hakihitajiki kwa wakati huo ni ujuzi ambao hauna gharama ya alama yoyote.

Vifaa badala ya ujuzi

Anayetaka nishati bila kusubiri anaweza kununua vifaa. Cap Recharger ya daraja la pili hupunguza muda wa kujaza kwa asilimia 20. Ukilinganisha, Capacitor Systems Operation ngazi ya tano hupunguza asilimia 25 bila kula nafasi. Ujuzi huo pekee, basi, ni zaidi ya kifaa kizima ambacho hutakihitaji tena.

Kipo pia kifaa kinachomwaga nishati ndani ya tangi kwa mkupuo, kikitumia chaji zinazobebwa katika ghala la chombo. Hiki ndicho kinga bora dhidi ya adui anayekausha nishati, kwa kuwa hakitegemei kasi ya kujaza. Udhaifu wake ni kwamba chaji huisha.

Kwa rubani wa alama chache, kifaa ni daraja la kumvusha. Kosa ni kuligeuza daraja kuwa makazi: kuendelea kufunga vifaa viwili vya kujaza nishati miezi sita baadaye, wakati siku nne za kujifunza zingeliacha nafasi hizo wazi kwa mambo mengine.

Ukubwa wa kinachochezewa

Umuhimu wa nishati huonekana zaidi katika vyombo vikubwa kabisa. Vyombo hivyo husafiri kutoka mfumo mmoja wa nyota hadi mwingine kwa kutumia sehemu kubwa ya tangi lao kwa mruko mmoja. Kikishafika, chombo hakiwezi kuondoka mpaka tangi lijae tena. Kamanda anayeingiza vyombo vyake vitani kwa njia hiyo anajua kwamba kwa muda fulani hana mlango wa kutokea.

Januari 27, 2014, vita vya aina hiyo vilizuka katika mfumo wa B-R5RB baada ya malipo ya umiliki wa mfumo huo kutofanyika kwa wakati. Vilidumu takriban saa 21 na kuhusisha wachezaji zaidi ya 7,500. Vyombo 75 vya daraja la Titan, vikubwa kuliko vyote, viliteketezwa. Hasara yote ilikadiriwa kuwa sawa na dola za Marekani 300,000 hivi. Kila kimoja cha vyombo hivyo kilikuwa na rubani aliyejifunza kwa miaka.

Mpaka mwaka 2014 kifo kiliweza pia kula alama zenyewe. Rubani aliyekufa bila kulipia mwili wa akiba unaolingana na ujuzi wake alipoteza sehemu ya alama. Utaratibu huo ulifutwa mwaka huo, na tangu hapo alama za ujuzi zimekuwa mali salama kuliko zote katika mchezo, jambo linalozidisha hoja ya kuwekeza katika ujuzi wa jumla unaofaa chombo chochote.

Fedha na njia za mkato

Tangu Novemba 2016 mchezo huu unaweza kuchezwa bila malipo, kwa daraja liitwalo Alpha. Mchezaji wa Alpha hujifunza kwa nusu ya kasi, hufungiwa baadhi ya ujuzi na ngazi za juu, na kujifunza kwake husimama akifikisha alama milioni 5. Kwake ngazi ya nne ya aina zote mbili za kapasita ni alama 181,020, chini ya asilimia 4 ya ukomo huo, ingawa siku nne zitakuwa nane. Ni uwekezaji unaostahili hata kwa mwenye bajeti finyu kiasi hicho.

Anayelipa huwa wa daraja la Omega. Ada ya mwezi ilikuwa dola 14.95 kwa miaka mingi, na ikapandishwa hadi 19.99 mwaka 2022. Kwa mlipaji huyo, siku 19 na nusu za ngazi ya tano ni karibu theluthi mbili za ada ya mwezi mmoja. Ni vyema alione hilo kabla ya kupanga foleni.

Februari 2016 CCP iliruhusu alama kuuzwa. Rubani mwenye alama za kutosha anaweza kuchomoa 500,000 na kuziuza sokoni ndani ya sindano. Anayejidunga sindano hiyo hupata alama zote 500,000 iwapo ana chini ya milioni 5, lakini hupata 400,000 akiwa kati ya milioni 5 na 50, na hupungua zaidi baada ya hapo. Kwa mgeni, sindano mbili zinatosha kwa ngazi ya tano ya kapasita, na ziada hubaki. Kwa mkongwe wa milioni 10, zinahitajika tatu. Sindano basi humfaa zaidi mwenye kidogo, na ni bora zitumike kwa ujuzi unaochelewesha kazi ya leo, huku ule wa faida ndogo ukiachiwa foleni ya usiku.

Mpangilio unaopendekezwa

Hesabu hizi zote zinaelekeza kwenye utaratibu mmoja unaowafaa marubani wengi.

Kwanza, Power Grid Management na Capacitor Systems Operation hadi ngazi ya nne, kila moja kwa siku moja na saa moja hivi. Pili, Capacitor Management hadi ngazi ya nne, kwa siku tatu na saa chache. Ndani ya siku sita rubani atakuwa na gridi iliyoongezeka kwa asilimia 20 na kasi ya nishati iliyoongezeka kwa asilimia 50.

Tatu, arudi katika silaha, ngao na chombo anachokipenda, mpaka aone upungufu wa kweli. Nne, upungufu ukiwa wa kufunga vifaa, amalize ngazi ya tano ya Power Grid Management. Ukiwa wa nishati inayokauka, amalize ngazi ya tano ya Capacitor Systems Operation. Kila moja ni siku tano hivi.

Mwisho kabisa ni Capacitor Management ngazi ya tano. Siku zake 14 na saa 15 ziwekwe wakati mchezaji ana safari, mitihani au kazi nyingi, kwa kuwa foleni huendelea bila yeye. Wanaopaswa kuuharakisha ni watabibu wa kikosi, marubani wa miale, na wale wanaopigana mara kwa mara na maadui wanaokausha nishati.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza kujifunza, rubani afungue skrini ya chombo chake, asome tangi lake ni la gigajuli ngapi na hujaa kwa sekunde ngapi, agawe, kisha azidishe kwa mbili na nusu. Namba hiyo ikizidi matumizi yake, alama zake ziende kwingine.